Supu ya Juliana

Jumatatu, 1 Aprili 1957
Asubuhi mvua nyembamba, ukungu mpaka saa mbili, upepo hakuna. Njia ya kwenda shule inateleza. Nimefika darasani na matope hadi magotini.

Naliandika jambo hili kwa utaratibu ili akili yangu itulie. Juliana, wifi yangu, mdogo wa mume wangu Thadei, ametoka kwa mumewe Kalisti huko Karema, ziwani, amekuja kuzaa mtoto wa kwanza kwa mama yake kama desturi ilivyo. Juzi Jumamosi nilimpeleka zahanati. Dresa, Bwana Cletus, alimvuta kope la chini akanionyesha: ndani peupe. Akamtazama kucha, peupe. Akaniita pembeni.

"Mwalimu, huyu hana damu. Akizaa hivi alivyo, na ikimwagika hata kidogo, mtampoteza."

Akampa vidonge, lakini akasema vidonge peke yake havitoshi. Ale majani, ale mayai, ale nyama.

"Nyama gani?" nikauliza.

"Kwenu mnafuga nini?"

"Kuku."

"Basi kuku."

Imebaki kama miezi miwili azae. Majani yako tele msimu huu. Kuku nao wapo, wanaparua hadi mlangoni. Ila katika nyumba hii ya Mzee Ambrosi, baba mkwe wangu, mwanamke hali kuku wala yai, na mwenye mimba ndiyo kabisa. Mimi mwenyewe tangu niolewe hapa Misunkumilo sijaonja, ingawa shuleni Tabora nilikula na sikuota manyoya. Nimeamua: Juliana atakula kuku. Kwa njia gani, sijui bado.

Jumanne, 2 Aprili
Mvua kutwa. Juliana ameshindwa kutwanga, amekaa chini katikati ya kazi.

Alhamisi, 4 Aprili
Jua la asubuhi, mawingu mchana. Nimeanza na mama mkwe wangu, Mama Katarina. Tulikuwa tunachuma majani ya kunde.

"Mama, dresa amesema Juliana apewe kuku."

Hakusimamisha mkono. "Dresa ni mtu wa wapi?"

"Ufipa."

"Na mke wake anakula kuku?"

"Sijamuuliza, Mama."

"Ukamuulize. Halafu umuulize na mtoto wake kama amepona degedege." Akatia majani kwenye ungo. "Tena ni Kwaresima. Nyie wa shule mnasahau hata Mungu."

Nikasema Kanisa halimfungishi mwenye mimba. Akasema hakuzungumzia mwenye mimba, alizungumzia wenye midomo mirefu. Huyu mama ni jiwe. Hapendi kujifunza neno lolote ambalo halikusemwa na mama yake.

Ijumaa, 5 Aprili
Mvua ya alasiri. Maharage.

Jumapili, 7 Aprili
Mbingu safi. Thadei amerudi kutoka kwenye reli, anakaa nasi mpaka kesho alfajiri. Nikamweleza yote, na macho meupe ya dada yake nikamwambia ayatazame mwenyewe. Akaenda, akayatazama, akarudi.

"Zungumza na Baba," nikamwambia.

"Mimi?"

"Wewe ni mwanawe. Mimi ni mkwe, siwezi hata kumtazama usoni."

"Romana, Baba hawezi kuambiwa na mtoto mambo ya mimba. Ataniuliza nimeyajulia wapi."

"Utamwambia dresa."

"Ataniuliza dresa ni nani yangu." Akavua viatu taratibu kama mtu anayetafuta dakika. "Ngoja nijaribu kesho."

Alfajiri ni saa ya kuondoka garimoshi. Mume wangu hunyanyua mataruma ya reli begani, lakini neno moja kwa baba yake linamshinda uzito.

Jumatatu, 8 Aprili
Ukungu. Thadei ameondoka bila kusema.

Jumanne, 9 Aprili
Asubuhi manyunyu, baadaye jua kali. Leo nimefanya na leo nimeharibu.

Mwalimu mwenzangu Josefina anakaa peke yake Nsemulwa na hana mkwe wa kumwogopa. Alikuwa na kuku tembe. Baada ya masomo tukamchinja, nikampika kwake kama Sista alivyotufundisha Tabora: maji baridi kwanza, moto mdogo, povu lote liondolewe mpaka mchuzi uwe wazi. Nikauchuja mara mbili katika kitambaa, sikuacha hata unyuzi wa nyama. Nikautia katika birika, nikarudi nyumbani nikautumia kupikia boga la Juliana, nikafunika na majani ya kunde na karanga za kuponda. Nilipoonja nikaona nimeweza. Ladha ya boga ilikuwa juu.

Juliana akala vijiko vitatu. Cha nne akakishika hewani, akakitazama. Juu ya mchuzi kulikuwa na macho ya mafuta, madogo, ya njano.

"Wifi, karanga hazina macho ya namna hii."

Sikujibu upesi, na kutojibu kwangu ndiko kulikojibu. Akatoka nje akatapika mpaka akapiga magoti. Mama Katarina akaja mbio, akanusa bakuli, akalichukua akalimwaga nyuma ya choo, bakuli nalo akaliacha huko huko.

"Umemlisha mwanangu kwa wizi," akasema. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Jumatano, 10 Aprili
Mvua ya radi usiku, asubuhi tulivu. Juliana hali kitu kilichopita mkononi mwangu. Hata maji anakwenda kuchota mwenyewe mtungini.

Alhamisi, 11 Aprili
Vilevile.

Ijumaa, 12 Aprili
Asubuhi mawingu, joto la kunata. Nilikuwa nafuta ubao mtoto wa jirani aliponiletea habari kwamba Juliana ameanguka njiani kutoka kisimani. Nikakimbia. Nimemkuta amekaa chini ya mti, ndoo imepinduka, midomo yake ina rangi ya majivu. Hakuumia, mtoto anacheza tumboni, lakini hakuweza kusimama mpaka nimkumbatie kiunoni.

Tulikaa pale muda. Nikamwambia, "Nilikosa. Ningekuuliza kwanza."

"Ungeniuliza ningekataa."

"Unaamini mtoto atatoka na makucha?"

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Wifi, mimi siyo mjinga. Karema kuna wanawake wa Kiislamu wanakula kuku mbele yangu na watoto wao wananenepa. Siogopi kuku."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa kuulizwa." Akafuta matope kwenye mkono. "Mtoto akifa, mtu wa kwanza kuulizwa ni mama yake. Ulikula nini? Ulipita wapi? Ulimjibu nani vibaya? Nikiwa sikula kitu watasema ni Mungu. Nikiwa nimekula kuku watasema ni mimi. Mama Kalisti atasema, dada zake watasema, na Kalisti mwenyewe siku akilewa atasema. Nitaishi na neno hilo mpaka nizeeke."

Nilidhani ni binti mnyonge anayefuata mama yake. Siyo mnyonge. Amepima, akaona bora kufa bila lawama kuliko kuishi nayo. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kuingiza nyama tumboni mwake. Kumbe kinachotakiwa ni mtu wa kubeba lawama. Mimi siwezi, lawama ya mkwe haina uzito, watasema tulikula njama. Mama Katarina hatabeba. Anaweza mtu mmoja tu.

Jumamosi, 13 Aprili
Mvua. Juliana amekula uji wangu.

Jumanne, 16 Aprili
Asubuhi baridi ya kwanza ya mwaka huu, umande mzito, mbingu kama imepigwa deki.

Mke wa mwana akiwa na neno kwa baba mkwe humtuma mtoto, na mtoto asipokuwepo husema na kitu kingine, mzee akasikia. Nyumba yetu haina mtoto. Mchana nilikaa nyuma ya ua wa matete nabambua karanga. Upande wa pili Mzee Ambrosi anachonga mpini wa jembe, nasikia kisu. Jogoo wake mwekundu akapita chini ya ua kuja kutafuta maganda.

"Wewe jogoo," nikasema kwa sauti ya darasani, "unatembea hapa kama Bwana Shauri wa bomani, huna habari kwamba binti wa mwenye nyumba hana damu."

Kisu kikasimama.

"Dresa amemfunua jicho akaona peupe. Amesema akizaa hivi, tutazika. Na dawa yake ni wewe, jogoo, wewe na wake zako. Lakini yeye hawezi kukula, maana likitokea neno ataulizwa peke yake."

Jogoo akaniibia karanga. Kisha nikasikia kikohozi, na sauti ya mzee, siyo kwangu:

"Jogoo, umesikia unavyoitwa dawa? Wewe usiyeweza kujitibu viroboto."

Nusura nicheke. Nikangoja.

"Jogoo," akaendelea, "mwulize huyo mwenye sauti kubwa: mama yake Thadei amezaa mara saba katika nyumba hii. Alikula kuku?"

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye busara angenyamaza.

"Jogoo, mjibu anayeuliza. Amezaa mara saba. Nyumba ina wawili."

Neno likishatoka halina mkia wa kulivutia. Sikusikia kisu tena. Nikasikia kiti kikisukumwa, na hatua zikienda upande wa shamba, kule nyuma ya kunde walikozikwa wale watano. Jogoo akabaki ananitazama kwa jicho moja.

Jumatano, 17 Aprili
Asubuhi kavu. Mzee hakula jana wala leo asubuhi. Nangoja kuambiwa nifunge mizigo nirudi kwetu.

Alhamisi Kuu, 18 Aprili
Mawingu mepesi, upepo wa mashariki. Mama Katarina alinifuata jikoni akafunga mlango nyuma yake.

"Umemhesabia mume wangu watoto wangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa jogoo?"

"Ndiyo, Mama."

Akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa. Akasema taratibu kama mtu anayepanga kuni:

"Mimi nilifuata yote. Kuku sikula, yai sikula, kambale sikula, njia panda sikukaa. Watano. Kila mmoja waliponiuliza nilikula nini, nilikuwa na jibu. Hakuna mtu aliyeweza kuninyooshea kidole, hata mama mkwe wangu, na alikuwa na vidole virefu." Akanitazama. "Sasa unakuja na dresa wako unasema dawa ilikuwa inaparua mlangoni siku zote. Ukweli wako ukiwa kweli, Mwalimu, ni nani aliyewaua wanangu?"

Nilimwandika kwenye kurasa hizi kuwa ni jiwe, na muda wote huu amelishikilia katazo lile ili vifo vya wanawe visije vikapewa jina lake. Nikapiga magoti, nikasema, "Mama, sijui kilichowaua. Dresa naye hajui. Najua tu anayekufa sasa."

Akainuka, akasema boga lililo kwenye paa limeiva litaoza, akatoka.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili
Mbingu nyeupe. Misa ndefu. Juliana alikaa chini muda wote.

Jumapili, 21 Aprili, Pasaka
Asubuhi angavu, majani ya miombo yanameta, mvua imekata siku nne. Thadei amekuja usiku wa kuamkia leo.

Kwa sikukuu Mzee aliagiza achinjwe jogoo mwekundu. Agizo lilikuja kupitia Thadei: apike mke wako, apike ile supu ya shuleni. Sikuelewa, lakini nilitii. Nimempika kama sitapika tena maishani. Nilimnyonyoa kwa maji ya moto, nikambabua, nikamkata kwenye viungo bila kuvunja mfupa. Jogoo mzee hataki haraka. Nilimweka motoni katika maji baridi kabla ya Misa, nikamwomba Josefina amlinde, niliporudi nyama ilikuwa inaanza kuachia. Povu nje, kitunguu ndani, chumvi ya Uvinza. Kisha mahindi mabichi ya mwisho wa msimu, niliyoyapukuchua kwa kisu. Kisha boga, nusu likatwe vipande, nusu liyeyuke liufanye mchuzi uwe mzito. Viganja viwili vya karanga zilizopondwa. Majani ya kunde mwisho kabisa, yakae kijani. Pilipili moja nzima, ielee isipasuke.

Nikapakua bakuli la wanaume, firigisi ya Mzee juu, mahali inapoonekana. Thadei akalipeleka.

Bakuli likarudi limejaa.

Mama Katarina akashika kichwa. "Amekataa chakula chako. Siku ya Pasaka! Umetia nini?"

"Hakuna, Mama."

Thadei alikuwa bado kasimama mlangoni, hajui aweke wapi miguu yake. Nyuma yake akatokea Mzee mwenyewe. Mzee Ambrosi hajawahi kufika jikoni tangu nimeolewa. Nikageukia ukuta upesi, nikavuta kanga usoni. Yaliyofuata sikuyaona, nayaandika kama nilivyoyasikia.

"Juliana."

"Abee, Baba."

"Kuku wa nyumba hii ni wa nani?"

"Wako, Baba."

"Aliyewakataza wanawake wa nyumba hii kuku ni nani?"

Juliana akasita. "Mama ndiye alitufundisha."

"Mama yako alitumwa. Nilimtuma mimi, na mimi nilitumwa na baba yangu. Mama yako hakukataza kitu. Alitii, basi." Nikasikia Mama Katarina akivuta pumzi. Mzee akaendelea, safari hii si kwa Juliana: "Katarina, sikia na wewe. Kama ilikuwa kosa, ni langu. Kama haikuwa kosa, wale watoto walikwenda kwa njia yao. Vyovyote vile, kwako hakuna."

Kuni zilikuwa zinapasuka motoni.

"Haya. Juliana, bakuli hili ni langu. Nimekupa. Wakija watu wa Karema kuuliza ulikula nini, waambie, nilikula alichonipa baba yangu. Waje waniulize mimi. Nitakaa pale barazani nawangoja."

Sauti ya bakuli kuwekwa chini. Kisha, kwa sauti nyingine:

"Na wewe chungu, mwambie aliyekupika kwamba boga limezidi. Supu siyo uji."

Akaondoka. Thadei akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa, akatoka nje.

Nilipogeuka, Juliana alikuwa ameshika firigisi mkononi, hajui kama aitafune au aililie. Akamtazama mama yake. Mama Katarina uso wake umelowa, hakuufuta.

"Kula ingali moto," akasema. "Mafuta yake yakipoa yanaganda."

Akala. Akala bakuli lote, na mkate wa mahindi, na akalamba kidole. Hakutapika.

Jumatano, 24 Aprili
Jua. Kuku wa pili. Boga nimepunguza.

Jumapili, 28 Aprili
Manyunyu ya mwisho, naona. Viazi vitamu badala ya boga. Juliana ametwanga.

Jumamosi, 4 Mei
Baridi asubuhi, vumbi limeanza. Bwana Cletus amemvuta kope: wekundu kidogo. "Endeleeni," akasema. Mayai pia yameruhusiwa. Mzee alimwambia mbuzi, nikasikia.

Ijumaa, 10 Mei
Baridi. Tunavuna mahindi. Juliana anaagiza paja. Ananiambia bawa ni la watu wasio na baba.

Alhamisi, 23 Mei
Asubuhi baridi kali, mbingu tupu, moshi umelala juu ya Misunkumilo yote.

Uchungu ulianza jana jioni. Mkunga alikuwa Mama Helena, jirani, na Bwana Cletus nilimwita mapema alfajiri, akakubali kukaa nje akiwa na sanduku lake. Mimi nilishika mabega. Juliana hakupiga kelele wala kuita jina la mtu. Saa tano mtoto akatoka, wa kike, akapiga kelele mara moja kama aliyekanyagwa.

Kisha damu.

Mama Helena akasema ni ya kawaida. Baadaye akanyamaza. Nguo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bwana Cletus akaingia bila kubisha, akapiga sindano, akamkanda tumbo kwa mikono yote miwili, akaniambia mtoto awekwe kwenye titi, anyonye. Nikamweka. Juliana akawa ananitazama, na macho yake yakawa yanakwenda mbali na kurudi, mbali na kurudi. Nilimwita kwa jina kila yalipokwenda. Nilimwita kama ninavyowaita watoto darasani wanaosinzia, kwa ukali. Nje nilisikia hatua za Mzee, barazani, huku na huku, hazikukaa hata mara moja.

Sijui muda ulikuwa gani. Bwana Cletus aliinua mkono akatazama nguo, akangoja, akatazama tena.

"Imekata," akasema.

Akamvuta Juliana kope la chini, akalitazama kwa muda mrefu. Akaniambia polepole, "Damu ile ya Machi isingefika hapa."

Mama Katarina alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alisikia. Akamchukua mjukuu, akamtazama, akampa Mama Helena, akatoka nje. Nikasikia akimwambia mumewe mlangoni, "Wapo wote wawili." Hatua zikakoma.

Nilikwenda jikoni kuteka maji, nikaanza kunoa kisu. Mama Katarina akaja akiwa ameshika tembe miguuni, kichwa chini, anapiga mabawa. Akaniondoa kwenye jiwe la kisu kwa kiuno chake.

"Kalale."

"Mama, anatakiwa supu leo leo. Amepoteza nyingi."

"Nimekuambia kalale. Mwezi mzima nimekaa hapa natazama unavyofanya. Unadhani nilikuwa natazama ukuta?" Akamkanyaga tembe mabawa, akamwita Mzee aje achinje. Halafu akanigeukia, sauti imeshuka. "Maji baridi kwanza."

"Baridi kwanza, Mama."

"Na mahindi? Mabichi yamekwisha."

"Viazi. Baada ya povu."

Akaitika kwa kichwa. Nimelala hapa chumbani na daftari juu ya magoti. Nasikia manyoya yakinyonyolewa, na Mama Katarina akimgombeza Mzee kwamba amechinja karibu mno na mabega. Juliana na mtoto wamelala upande wa pili wa ukuta. Wote wanapumua, nimekwenda kusikiliza mara mbili.

Nalala saa kumi na mbili kasorobo jioni, jua bado liko juu ya paa.